Bakuli la Gogo Lililokataliwa

Morogoro hakuna mti unaotupwa. Mwembe ukianguka Bigwa au Kihonda, haupiti muda shina lililonyooka limeshapata mpasua mbao, matawi yameshagawanywa kuwa kuni, na majani yanatafunwa na mbuzi wa jirani. Kinachobaki ni kile ambacho kila mmoja amekitoa kasoro: panda iliyojipinda, kisiki chenye tundu, kipande chenye ufa, gogo lililolala chini masika nzima likaanza kuoza upande mmoja. Vipande hivyo vina mnunuzi mmoja anayejulikana, naye ni mchoma mkaa. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa umekaa katikati ya mpasua mbao na mchoma mkaa. Ni ufundi wa mkereza, mtu anayelichukua gogo lile lile lililokataliwa, akalifunga kwenye kerezo, akatoa bakuli.

Kukereza si jambo geni kwetu. Mafundi wa pwani wamekereza miguu ya vitanda tangu zamani, kabla umeme haujafika: fundi ameketi chini, kipande cha mti kimeshikwa kati ya ncha mbili, upinde wenye kamba ukikizungusha huku na huku, patasi ikikata mzunguko unapokwenda na kuachia unaporudi. Leo pita kwenye karakana za samani za mji wowote, utaona mashine yenye mota ikitoa miguu ya meza na nguzo za ngazi, zote za umbo moja. Kazi hiyo inataka mti mnyofu usio na fundo, na nyuzi za mti hulala sambamba na mhimili wa mashine, kwa hiyo patasi ikishapata njia yake inateleza tu. Bakuli ni kazi ya namna nyingine kabisa. Hapo nyuzi zinaukatiza mhimili, na katika kila mzunguko mmoja makali hukutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na ncha za nyuzi mara mbili. Ulaini, ukaidi, ulaini, ukaidi, mamia ya mara kwa dakika. Sasa chukua mti ambao tayari una ufa, tundu na sehemu iliyolegea, uweke katika hali hiyo. Hapo ndipo unapoanza kuona kwa nini mafundi wengi wazuri wa vitanda hawagusi bakuli.

Anayeitazama Milima ya Uluguru akiwa mjini huona msitu mzito kuanzia kiunoni mwa mlima kwenda juu, na anaweza kudhani mti mzuri unatoka huko. Hautoki huko, na ni vyema usitoke. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, mna mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani, na ndiko yanakoanzia maji ya mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Mti wa mkereza wa bakuli ni mti wa shamba na wa uani. Upande wa mashariki, kwenye mashamba ya Kinole na Matombo, upepo wa Bahari ya Hindi huigonga milima na kushusha mvua ambayo sehemu zingine huzidi milimita 2,500 kwa mwaka, na huko mifenesi, miembe na mishelisheli imechanganyika na migomba na mikarafuu mpaka huwezi kujua shamba la nani linaishia wapi. Mfenesi una moyo wa njano kali ambao ukikaa mwangani hugeuka taratibu kuwa rangi ya asali, kisha kahawia. Mgrevilea uliopandwa pembeni mwa shamba una madoa yanayometameta ukipasuliwa kwa upande wake. Mparachichi ni mwepesi na dhaifu kidogo, lakini kwa bakuli la matunda unatosha.

Miti ya shamba haikui kwa raha. Imepigwa panga na kila mtoto aliyepita, imefungwa kamba za kuanikia nguo, imepigiliwa misumari ya vibao, imeunguzwa moto wa kusafisha shamba. Mti hufunika jeraha lake kwa mti mpya na kuendelea kuishi, na miaka mingi baadaye jeraha hilo liko ndani ya gogo, ganda limemezwa, nyuzi zimezunguka pembeni yake. Msumari uliomezwa, ikiwa mti una tanini nyingi, huacha doa la bluu iliyokoza kama wino kuuzunguka. Mpasua mbao akiona doa hilo huliacha gogo, kwa sababu msumeno wake ni mali na msumari utauvunja meno. Mkereza akiliona huanza kutafuta msumari uko wapi, autoe polepole, na doa lile alipangie mahali kwenye ubavu wa bakuli.

Lakini mti unaofundisha zaidi ni mwembe. Mti wake ni mweupe wenye kijivu, hauna kinga kubwa dhidi ya kuoza, na ukilazwa chini kwenye joto la Morogoro na unyevu wa masika, kuvu huingia kutoka kwenye ncha zilizokatwa ndani ya majuma machache. Kuvu wa aina moja hula sehemu na kuiacha imepauka, mwingine huacha wekundu hafifu, mwingine hutia kijivu. Wakikutana, hawachangamani. Kila kundi hujenga ukuta mwembamba mweusi kulinda eneo lake, na ukuta huo ukikatwa kwa patasi huonekana kama mstari wa kalamu uliochorwa na mkono usiotetemeka. Mistari hiyo haina mpango, huzunguka, hugawanyika, hufunga kisiwa kidogo cheupe katikati ya kijivu. Mchoraji hawezi kuiiga, nimeona waliojaribu kwa rangi na kwa waya wa moto, na macho hugundua mara moja.

Shida ya uzuri huo ni kwamba ni uozo, na uozo hausubiri. Likikatwa mapema, gogo ni jeupe tupu. Likichelewa, limekuwa sifongo, ukilibonyeza kwa kidole gumba linabonyea na patasi inalinyofoa badala ya kulikata. Kati ya hali hizo mbili pana muda mfupi, na muda huo haufanani kwa magogo mawili, hata yaliyotoka mti mmoja, maana moja lilikuwa kivulini na jingine liligusa udongo. Fundi anayeujua mwembe hutembelea magogo yake. Huyageuza. Hukata kisahani chembamba nchani, hukilowesha maji, hukiangalia juani. Siku anayoona mistari imekoza na mti bado unaitikia ukigongwa, huliingiza kazini siku hiyo. Kuvu hawawezi kuendelea unyevu wa mti ukishuka chini ya asilimia 20 hivi, kwa hiyo kukereza na kukausha ndiko kunakosimamisha uozo pale ulipofika. Uozo wenyewe haufutiki, unabaki umesimama hapo hapo kwa miaka yote bakuli litakayoishi mahali pakavu.

Anayedhani huu ni ufundi wa kukosa mti mzuri na atazame kwingine. Marekani, ambako mbao safi hazikuwa haba, Melvin Lindquist na mwanawe Mark ndio waliowafanya wakereza wenzao wauheshimu mti ulioingiwa na kuvu, na mwaka 1977 Mark aliandika juu yake katika jarida la Fine Woodworking wakati maseremala wengi bado waliuona kuwa takataka. Walichofanya wao kwa miti yao, mwembe wa Uluguru unaweza kukifanya vizuri zaidi, kwa sababu joto na mvua zetu hufanya kwa majuma kazi ambayo kwenye nchi za baridi huchukua miezi na hata miaka.

Kuchagua gogo ni mazungumzo. Mwenye mti, mara nyingi mama wa nyumba ambaye mwembe umemwangukia uani, huanza kwa kujitetea.

"Fundi, hilo ni bovu, nimeliacha la kuni."

"Bovu lote, mama, au upande? Hebu tuligonge kwanza."

Hugonga kwa kisogo cha shoka, akitembea nalo kutoka ncha hadi ncha. Sehemu nzima hulia kwa sauti ya juu, sehemu iliyooza hujibu kwa sauti nzito, na penye ufa sauti huvunjika. Akimaliza anajua karibu kila kitu cha ndani. Kisha hutafuta kiini. Mti unapokauka husinyaa kwa kufuata duara la pete zake karibu mara mbili zaidi ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gandani, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua gogo. Bakuli lenye kiini katikati ya kitako chake litapasuka tu, leo au kesho kutwa. Kwa hiyo chensoo hupita gogo kwa urefu, ikikigawanya kiini, na kila nusu inakuwa na bakuli lake. Ufa mkubwa ukiwepo tayari, mkereza mwenye akili hupitisha mnyororo humo humo kwenye ufa. Ufa unakuwa mstari wa kukatia, na pande zote mbili zinabaki nzima. Panda nayo hukatwa kwa namna ambayo makutano ya matawi mawili yataangukia katikati ya bakuli, kwa sababu hapo nyuzi zimesokotana na kufunguka mithili ya unyoya, na ndio mchoro unaotafutwa kuliko wote.

Mzunguko wa kwanza hufanywa mti ukiwa mbichi. Hapo kazi ni ya raha na hatari kwa pamoja. Gogo halijawa duara, upande mmoja una maji zaidi ya mwingine, kwa hiyo mashine huanzishwa taratibu, na fundi husimama pembeni, kamwe si mbele ya gogo linalozunguka. Patasi yenye mfereji hulazwa kwenye kiegemeo, mgongo wake ukigusa mti kabla makali hayajagusa, kisha mpini huinuliwa kidogo kidogo hadi makali yanapoanza kula. Fundi ambaye hajajua hutanguliza makali, na mti humnyang'anya patasi. Nje ya bakuli hukatwa kutoka kitako kwenda mdomoni, ndani kutoka mdomoni kwenda chini, ili kila unyuzi unaokatwa uwe na mwenzake nyuma yake wa kuuegemeza. Mti mbichi ukikatwa hivyo hutoa ukanda mrefu kama ukili unaoruka begani na kurundikana sakafuni, na karakana nzima hunuka maji ya mti.

Kwenye gogo lenye kasoro sikio hufanya kazi zaidi ya jicho. Mlio wa patasi ukiwa mmoja, mambo ni mazuri. Ukisikika mdundo mdogo unaojirudia kila mzunguko, kuna ufa unaofunguka au kipande kinacholegea, na hapo mashine huzimwa bila mjadala. Nimewaona mafundi wakizima mashine kwa sauti ambayo mimi sikuisikia, wakapitisha ukucha, wakauonesha ufa ambao sikuuona. Subira ya aina hii haifundishiki kwa maneno. Hujengwa na bakuli zilizoruka vipande.

Bakuli likishapata umbo halimaliziwi. Huachwa nene, unene wa sehemu moja ya kumi ya kipenyo chake, yaani bakuli la sentimita 30 huachiwa ubavu wa sentimita tatu, kisha huenda kukaushwa. Wengine huchemsha kwanza, wengine hulifukia kwenye maranda yake yenyewe ndani ya gunia, ili maji yatoke polepole na kwa usawa. Kipupwe cha Morogoro, kuanzia Juni, ndicho kipindi kibaya kuliko vyote kwa aliye na haraka, kwa sababu upepo mkavu hukausha ncha za nyuzi haraka kuliko ubavu, na bakuli lililoachwa wazi rafuni kwa siku chache linaweza kulia "ta!" usiku na kupasuka. Fundi mzuri hulipima kwenye mizani na kuandika uzito kwa penseli kwenye kitako. Hulipima tena baada ya muda, na tena. Uzito ukiacha kushuka, bakuli limekauka. Kwa saizi kubwa hiyo ni miezi. Na likitoka guniani si duara tena, limekuwa yai, mdomo umepinda, na hapo ndipo unaponufaisha unene ulioachwa: kuna nyama ya kutosha kulirudisha kwenye duara kwa mzunguko wa pili.

Mzunguko wa pili ndio unaoonesha fundi ni nani. Mti mkavu hautoi ukanda, hutoa vumbi na vipande vifupi, na sehemu zilizolegea hunyofoka ikiwa makali yamepungua hata kidogo. Patasi hunolewa, hukata kidogo, hunolewa tena. Ubavu huteremshwa hadi milimita nane au saba, na kasoro zote zilizokuwa zimejificha hutoka nje kwa pamoja: tundu la dumuzi, ganda lililomezwa, ufa uliokuwa unywele.

Sasa ufa huo ufanyweje? Wapo wanaosaga vumbi la mpingo, wakalichanganya na gundi, wakaujaza na kusugua mpaka usionekane. Wachongaji wetu wa vinyago hufanya hivyo kila siku na kwa kinyago ni sawa. Kwa bakuli mimi naipenda njia ya zamani zaidi, ile bibi zetu waliyoitumia kwenye vibuyu. Kibuyu kikipasuka hakikutupwa, kilitobolewa matundu madogo pande zote mbili za ufa na kushonwa kwa uzi wa mti, kikarudi kuteka maji au kuhifadhi mbegu. Mkereza anaweza kufanya vivyo hivyo kwa waya mwembamba wa shaba: matundu mawili mawili, waya ukavutwa na kufungwa kwa ndani, ufa ukabaki unaonekana lakini hauendi popote. Kazi hiyo ni ya uaminifu. Mnunuzi anaona palipoumia na anaona palipotibiwa, na anajua bakuli hilo ni la matunda, korosho au mkate, si la mchuzi.

Mpingo unahitaji kusemwa peke yake. Unaota kwenye tambarare zenye joto za mkoa huu, Kilosa na Mvomero, mbali na unyevu wa milimani, na hukua taratibu kiasi kwamba mti wa kufaa mbao huwa na miaka 70 na zaidi. Mti wake ni mzito hata huzama majini. Moto wa mbugani huukausha upande mmoja, moyo huoza, shina hubaki na tundu na mifereji. Watengeneza klarineti wa Ulaya hutaka kipande kisicho na hata mstari, na kwenye gogo la kawaida wanachopata ni chini ya sehemu moja ya kumi. Kilichobaki, cheusi, kizito, chenye tundu, kinatosha bakuli dogo la kutia chumvi au pete, mdomo wake ukiwa na ukingo wa mti mweupe wa nje ulioachwa makusudi. Ni jambo la kukumbukwa kwamba James Harris wa Texas, aliyeungana na mtaalamu wetu wa mimea Sebastian Chuwa wa Moshi mwaka 1996 kuanzisha mradi wa kupanda mipingo, alikuwa mkereza. Anayekereza mti kwa mikono yake hujua mapema unapoanza kwisha. Chuwa alifariki mwaka 2014, na miche iliyopandwa kwa juhudi zake bado haijafika umri wa kukatwa.

Kwa mpingo na miti mingine ya porini sheria haitofautishi gogo zima na gogo bovu. Kibali cha misitu kinahitajika hata kwa mti ulioanguka wenyewe, na mkereza asiyekuwa nacho anauza kesi pamoja na bakuli. Hiyo ni sababu nyingine ya kuupenda mwembe wa uani.

Kuna mambo mawili ninayoyaona yakiharibu ufundi huu mzuri. Moja ni vumbi. Mti ulioingiwa na kuvu una mbegu za kuvu ndani yake, na vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuumiza kifua, lakini karakana nyingi bado hufanya kazi bila barakoa, mtoto wa kazi akiwa amejifunga leso tu. Barakoa nzuri ni rahisi kuliko kikohozi cha maisha. Jingine ni vanishi. Bakuli lililochukua mwaka mzima kufikia umbo lake hupakwa vanishi nene inayong'aa, na ule mchoro wa mwembe unaonekana kama picha iliyowekwa nyuma ya kioo. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mafuta kidogo, ikasuguliwa kwa kitambaa bakuli likiwa linazunguka bado, inatosha. Mkono unagusa mti, na likichakaa mwenye nyumba hulipaka mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye shamba Kinole, Matombo, Mgeta au popote ulipo: siku ukiangusha mwembe au mfenesi wako, usimwite mchoma mkaa peke yake. Zipake ncha za magogo rangi au nta siku hiyo hiyo, iache panda nzima, yaweke kivulini, kisha uliza karakana za karibu ni nani anayekereza. Na wewe mnunuzi, ukilishika bakuli lenye mshono wa shaba ubavuni, usiombe upunguziwe bei kwa sababu ya mshono huo.